Afande na Kiroba cha Mchanga

Mtaa mzima hapa Ipuli tunamwita Afande. Hata mama wa genge anayemuuzia nyanya husema, "Afande, leo mafungu mangapi?" Jina lake lipo, nimewahi kuliona kwenye bili ya maji, lakini siliandiki kwa sababu mwenyewe hapendi kulisikia. Anasema jina ni la kuitwa kwenye orodha, na orodha zake zimeshafungwa.

Sijui alizaliwa wapi. Sijawahi kumuuliza, kwa kuwa mimi huwa siulizi watu vitu. Shuleni mwalimu akinitazama naangalia dawati. Dukani nanyoosha kidole badala ya kusema naomba chumvi. Naliandika hili mapema ili ijulikane aliyekuwa anamtazama Afande miaka yote hii ni mtu wa namna gani: mtu wa kusimama mlangoni na daftari.

Ninachojua ni kwamba kabla ya kustaafu alikuwa mkufunzi wa makomandoo. Siyo wa gwaride. Alikuwa mmoja wa wale wanaosimama pembeni wakiangalia askari wengi wakiteseka siku kadhaa, halafu wanachagua wachache na wengine wanawarudisha vikosini kwao. Kazi hiyo anaiita kuchuja. Mama yangu, siku ya kwanza kuisikia, alisema hata chai inachujwa na hakuna anayeipigia saluti. Lakini Mama ndiye aliyekuja kumshonea kiroba, kwa hiyo tusimwamini sana.

Chini ya kitanda chake kuna kandambili jozi mbili na viatu vya kanisani jozi moja, vyote vimeelekea mlangoni kama vinasubiri amri. Nilivikuta hivyo siku niliyompelekea mboga nikiwa kidato cha kwanza, na nilivikuta hivyo mwezi uliopita, na sasa niko kidato cha nne. Kikombe chake anaosha mwenyewe. Ukijaribu kumsaidia anakitoa mkononi mwako taratibu, bila neno, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Mfukoni ana matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Anatia kipande shavuni asubuhi na saa tatu bado kipo. Maganga, rafiki wa kaka yangu anayeendesha bodaboda, alimuuliza siku moja kama ni kilekile cha wiki iliyopita.

"Cha wiki iliyopita nilikupa wewe, ukala," Afande akajibu.

Huyo Maganga alijaribu sana kumpakia kwenye pikipiki yake. Afande hapandi. Anatoka Ipuli mpaka sokoni kwa miguu, na goti lake la kulia halikunji vizuri, linatoka kidogo pembeni kila hatua.

"Afande, si uliruka kutoka kwenye ndege wewe? Pikipiki inakutishaje?"

"Kwenye ndege nilikuwa na mwavuli mgongoni. Kwenye pikipiki yako nina nini?"

"Una mimi, mzee."

"Ndiyo maana natembea."

Jumapili anasali kwa Wamoravian. Aliwahi kuingia kwaya. Sauti yake ni nene na haina breki. Mwalimu wa kwaya, kijana ambaye hata ndevu bado, alimvumilia mwezi mzima, kisha akamwambia kwa heshima zote kwamba kwaya imejaa. Habari hiyo alituletea mwenyewe, amesimama wima mbele yetu.

"Nimechujwa," alisema.

Tulicheka mpaka Maganga akakaa chini.

"Mnacheka nini? Kijana ana sikio. Mzee yule hata mimi ningemrudisha siku ya kwanza."

Mpaka leo anawahi kanisani kabla ya kwaya, anawapangia mabenchi, halafu anakaa nyuma na kufunga mdomo.

Hasimulii vita. Watu wa mtaani wanadhani anaficha. Maganga, ambaye mdomo wake hauna mlango, alimuuliza mbele yetu sote, "Afande, wewe ulishawahi kuua?" Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Afande alihamisha tobolwa kutoka shavu hili kwenda lile.

"Niliwahi kutembea siku nne na buti lenye maji," akasema. "Karani, andika hilo. Na andika kwamba hakuna aliyeniuliza kama miguu ilipona."

Karani ni mimi. Nitaeleza.

Kaka yangu Shija alipomaliza shule alitaka jeshi, na alipotaka jeshi alimfuata Afande, kwa sababu kila kijana wa mtaa wetu mwenye ndoto hiyo humfuata Afande. Anawafanyisha mazoezi kila Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, bure. Zoezi lenyewe ni moja tu: kutembea na mzigo kutoka Ipuli mpaka njia panda ya Kipalapala na kurudi. Hakuna kuruka kichurachura, hakuna kupiga kelele. Maganga alijiunga kwa wiki chache akidhani atafundishwa karate, akabaki kwa aibu ya kuondoka.

Kila mmoja alikuja na mzigo wake, lakini kulikuwa na mmoja wa Afande mwenyewe. Kilikuwa kiroba cha unga cha kilo ishirini na tano, kimejazwa mchanga, na Mama alikivisha turubai na kukitia mikanda ya mabegani kwenye cherehani yake kule Ng'ambo. Alikishona kwa uzi wa mara mbili. Afande alikipima kwa mkono, akamwita mama kwa Kinyamwezi, "Mayo, hii ni kazi ya jeshi." Mama alijidai wiki nzima.

Siku ya kipimo hicho cha kiroba ndipo aliponiona mlangoni.

"Huyu anaandika nini?"

"Huyo?" Mama akasema. "Anaandika kila kitu, hasemi kitu."

"Basi huyo ndiye niliyekuwa namtafuta."

Akavua saa yake na kunivisha. Ilikuwa saa ya kujaza kwa ufunguo, kubwa, ikateremka mpaka kwenye kiwiko. Akaniambia nitawafuata kwa baiskeli ya Mama, nitaandika nani ametoka saa ngapi na amefika saa ngapi na nimeona nini katikati. "Ulichoona ndicho uandike. Ulichofikiri kaandikie kwenu." Kisha akawageukia vijana. "Na mjue kanuni. Anayesema basi ni mwenye saa peke yake. Siyo mimi. Mimi naweza kukasirika, naweza kujisahau nikawaua. Huyu haruhusiwi kujisahau. Akisema basi, hata kama mguu uko hewani, unasimama."

Maganga akanitazama. "Afande, huyu dogo hata shikamoo yake inabidi uisogelee."

Walicheka. Nilicheka na mimi, kwa ndani.

Barabara ile, Afande husema, sehemu yake walipita wapagazi wa zamani, Wanyamwezi wenyewe, na pembe za ndovu mabegani mpaka pwani, na vitambaa na shanga wakirudi. Shuleni tumefundishwa, lakini Afande hafundishi kama shuleni. Siku moja kijana mmoja alisema wale babu walikuwa mashujaa. Afande akamkatiza. "Walikuwa wamechoka. Andika hivyo, Karani. Walikuwa wamechoka na walifika." Na kila mtu akianza kukimbia anasema, "Msafara unatembea kwa mguu wa kirangozi, na kirangozi hakimbii." Nilichelewa kujua kwamba kirangozi ndiye yule mtu wa mbele aliyekuwa anaongoza msafara. Nilidhani ni mnyama.

Alituambia siri ya mchujo mapema sana, na sidhani wengi waliisikia. "Wenye nguvu mbona wengi. Nendeni stendi mkaone wanaobeba magunia. Mimi nilikuwa natafuta mtu ambaye akichoka bado anaona." Kwa hiyo vijana wakishatua mizigo, wanahema, mate yamewakauka, ndipo anawauliza maswali.

"Saba mara nane?"

"Hamsini na... Afande, maji kwanza."

"Nyumba ya tatu kabla ya daraja. Mlango rangi gani?"

"Mimi nimeona nyota tu," Maganga akasema.

"Kahawia," Shija akasema.

Mimi nilijua. Mlango ulikuwa wa bluu na kufuli lilikuwa kwa nje, wenyewe wamesafiri. Sikusema, lakini nilikuwa nimeandika. Afande alichukua daftari, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akasoma, akanitazama juu ya miwani. "Karani ameona kufuli," akawaambia. Maneno matatu tu, na mimi nilirudi nyumbani siwezi kula. Hakuna mtu mzima aliyewahi kusema kwamba nimeona kitu.

Lakini kuona peke yake hakutoshi, na hilo nalo nilijifunza kwake, vibaya. Ilikuwa Jumamosi ya jua kali la mwezi wa kumi. Maganga alikuwa amelala kwa kuchelewa na hakunywa maji. Nikiwa nyuma yake na baiskeli niliona shati lake limekauka mgongoni, wakati wenzake wamelowa. Niliandika: Maganga ameacha kutoka jasho. Mbele kidogo niliandika: Maganga anatembea upande. Kisha akaanguka karibu na daraja, kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Walimbeba kivulini, wakammwagia maji, akapona. Afande alikuja kwangu baada ya hapo. 

"Uliona?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Uliandika?"

Nikampa daftari.

"Ulisema?"

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alifunga daftari akanirudishia. "Kalamu yako iko macho, mdomo wako umelala," akasema. Tangu siku hiyo kila Jumamosi kabla ya kuanza ilibidi nisimame mbele ya vijana wote niseme "basi" mara tatu kwa sauti. Nilikuwa nafanya mazoezi nyumbani, naiambia ndoo. Jumamosi ikifika sauti inakuwa ya ndani ya ndoo.

"Hata mbu hajasikia," Maganga alikuwa akisema. Yeye, ambaye angekufa kwa sababu ya ukimya wangu, ndiye aliyekuwa ananicheka kwa upendo kuliko wote.

Na kosa lile nililibeba. Kwa Afande hiyo ndiyo desturi: anayekosea anabeba kosa lake. Unavaa kile kiroba alichoshona Mama, unatembea njia yote peke yako, hakuna anayekusaidia wala kukusemesha. Mimi alinipunguzia mchanga, akanibakishia kama mzigo wa mtoto. Ukifika njia panda unatua, na hapo kosa limekwisha. Mtu akilitaja tena, anabeba yeye. Maganga alijaribu kulitaja Jumamosi iliyofuata, kwa utani, na alibeba kiroba kizima mpaka njia panda huku Afande akimwimbia nyuma kwa ile sauti iliyochujwa na kwaya. Tangu hapo halijatajwa. Naliandika hapa kwa sababu ni langu.

Sijawahi kuona sehemu nyingine ambapo kosa linaisha. Nyumbani kwetu makosa hayaishi, yanahifadhiwa kama vyombo vya wageni.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe.

Katika mafundisho yote ya Afande kulikuwa na moja alilolirudia kuliko mengine. "Usiwe wa kwanza, usiwe wa mwisho. Kaa katikati, mahali ambapo macho hayatui." Alieleza kwamba kwenye mchujo wa enzi zao, wa kwanza alikuwa anajulikana siku ileile. Wakufunzi wanamwongezea mzigo, wenzake wanamchukia, siku ya tatu amekwisha. Wa mwisho naye anarudishwa. Wa katikati anafika siku ya mwisho na akiba yake. Shija alilishika neno hilo kuliko wote. Nilikuwa nyuma yake na saa, nilimwona: angeweza kumwacha Maganga mbali sana, lakini alikuwa anapunguza hatua makusudi, anatafuta watu wa kuwa mbele yake.

Alipata jeshi. Akiwa kikosini mwaka wa pili wakatangaza nafasi za kujaribu ukomandoo, akaandikisha jina. Alikuja likizo mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, na kwa wiki tatu alitembea na Afande kila siku, siyo Jumamosi tu. Mama alikuwa anawapelekea uji njiani. Afande alikuwa mtu mwingine wiki hizo, alikuwa anacheka peke yake. Siku Shija anaondoka, Afande alimpa mkono na kumwambia neno moja, "Katikati." Shija akajibu, "Katikati, Afande."

Miezi miwili baadaye alikuja nyumbani siku chache, mchana, tukiwa tunakula. Aliweka begi chini. Mama hakuuliza, alimwekea ugali. Shija alinawa, akakaa, akasema bila kuushika ugali:

"Walitupa matembezi ya mzigo, siku ya kwanza. Hawakutuambia kitu. Tulipofika wakahesabu ishirini wa mbele, wengine wakatuambia turudi vikosini. Nilikuwa wa ishirini na tatu."

"Ulichoka, mwanangu?"

"Sikuchoka, Mama. Ndiyo kinachoniuma. Nilikuwa nahesabu walio mbele yangu ili nisiwapite."

Mama aliweka tonge chini. Akatazama ukuta ambao upande wa pili wake, nyumba mbili mbele, ndiko anakokaa Afande. "Na mimi nikamshonea kiroba," akasema. "Kwa uzi wa mara mbili."

Mkuu wake wa kikosi alimwambia anaweza kuandikisha jina mara moja tena, akirudi na barua yake kabla likizo haijaisha. Shija alisema hataandika. Alisema ameshajua yeye ni mtu wa ishirini na tatu. Alilala ameelekea ukutani, siku ya kwanza, siku ya pili. Maganga alikuja kumtoa, akafukuzwa kwa kurushiwa mto. Kwa Afande hakwenda hata kumsalimia, na sisi hapa mtu akitoka safari akampita mzee bila shikamoo, mtaa mzima unajua kuna jambo.

Ilibidi mtu amwambie Afande. Mama alikataa. Nikaenda mimi, na kwa sababu siwezi kusema nilimpa daftari. Nilikuwa nimeandika nilichosikia tu: matembezi, ishirini, ishirini na tatu, alikuwa anahesabu ili asiwapite.

Alisoma amesimama. Akasoma tena. Alivua miwani, uzi ukanasa sikioni, akauacha unaning'inia.

"Nani aliyemfundisha katikati?" akauliza.

Nilitazama kandambili.

"Jibu lipo, Karani. Ni mimi." Akanirudishia daftari, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakuwa mtu wa kufunga mlango.

Jumamosi hakuwaita vijana. Saa kumi na mbili nikasikia hodi. Alikuwa kwenye geti letu amevaa viatu vya kanisani, na mgongoni amevaa kiroba kizima. Mama alitoka na kanga yake, mikono kifuani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona hamwamkii.

"Mayo, nimekuja kwa jambo la kosa," Afande akasema. "Namwomba Karani na saa yake."

"Na goti hilo, Afande?"

"Goti halikukosea."

"Shija amelala."

"Sijamwita Shija."

Shija hakuwa amelala. Niliona pazia la dirisha lake linacheza.

Nilichukua baiskeli. Kwa desturi yake hakuna kumsemesha anayebeba, kwa hiyo tulikwenda kimya, yeye mbele, mimi nyuma nikiikokota baiskeli kwa sababu alikuwa anakwenda taratibu kuliko magurudumu. Naandika kutoka kwenye kurasa za siku ile. Saa kumi na mbili na dakika kumi ametoka Ipuli. Hatua ni sawa. Kumi na mbili na nusu, goti linatoka pembeni kuliko kawaida. Saa moja kasoro kumi, amesimama, amejifanya anaangalia mahindi. Saa moja, kola imelowa, mgongo umelowa. Saa moja na robo jua limetoka lote. Saa moja na nusu, kola imekauka.

Niliitazama sentensi hiyo baada ya kuiandika. Niliijua. Nilishaiandika zamani, na jina lingine.

Tulikuwa tunakaribia daraja. Alianza kutembea upande. Neno lilifika kooni likakaa pale kama mfupa wa samaki. Nilisema, "Basi," na ndoo ingenisikia, lakini Afande hakunisikia, mguu wake mbovu ukaenda mbele, na mwili wote ukaufuata kwa kuchelewa.

"BASI!"

Sijui ilitoka wapi. Kinamama waliokuwa wakienda shamba upande wa Kipalapala waligeuka wote na majembe yao. Ng'ombe mmoja aliacha kula. Afande alisimama mguu ukiwa hewani, kisha akauteremsha taratibu, akabaki ameipa barabara kifua, kama askari aliyeitwa jina.

"Umesikika, Karani," akasema, na sauti yake ilikuwa karatasi.

Hapo ndipo nilipomwona Shija. Alikuwa ametufuata kwa mbali na kandambili, shati halijafungwa vifungo. Alipita kando yangu bila kunitazama, akasimama mbele ya Afande.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba."

"Naomba mzigo."

"Kosa ni langu. Mimi nilikufundisha mambo ya zamani."

"Nusu ni langu," Shija akasema. "Nilikuwa na macho, Afande. Niliona vumbi lao, nikaona nina miguu, nikawaacha waende. Wewe hukuwepo pale. Nilikuwepo mimi."

 Afande akageuza kichwa kwangu. "Karani, kanuni inasemaje hapo?"

Nilifungua daftari ingawa nilijua hamna. "Haijaandikwa."

"Basi iandike."

Niliandika nikiisema kwa sauti, kwa sababu sauti ilikuwa bado iko wazi: kosa la watu wawili linabebwa na watu wawili. Afande aliitikia kwa kichwa. Shija akamfungua mikanda ile aliyoshona Mama, taratibu, bega moja kisha la pili, akakivaa kiroba mwenyewe. Alikuwa ameshapiga hatua kumi hivi Afande alipomwita.

"Shija!"

"Afande!"

"Usimsubiri mtu!"

Na Shija akaenda. Sijawahi kumwona anatembea hivyo. Sikuwa nimejua, miaka yote ile na saa mkononi, mwendo wake halisi ulikuwaje.

Barua aliiandika jioni ileile, Mama akampigia pasi sare. Ameshaondoka, na sasa tunasubiri. Huenda atapita, huenda hatapita. Mama amerudi kumwamkia Afande na kumpelekea uji, na kosa lile hakuna anayelitaja, hata Maganga. Mimi shuleni sasa nanyoosha mkono, siyo kila siku, lakini mwalimu ameshaacha kushtuka. Nisingejua kumshukuru Afande kwa mdomo. Ninaandika, ndiyo sababu ya kurasa hizi.

Lakini nataka kuishia palepale darajani, kwa sababu kulikuwa na jambo moja tena. Tulikaa kwenye ukingo wa daraja, mimi nimemchotea maji kwa dumu la mama mmoja wa shamba. Alikunywa, akatoa matobolwa mawili, akanipa moja.  Shija alikuwa ameshakuwa mdogo mbele kule.

"Niulize," Afande akasema.

"Nikuulize nini?"

"Nimechoka, Karani. Niulize kama bado naona."

Nilifikiri. "Nyumba ya tatu kabla ya daraja. Mlango rangi gani?"

Alihamisha tobolwa kutoka shavu hili kwenda lile. Hakugeuka kutazama.

"Bluu," akasema. "Na kufuli halipo. Wenyewe wamerudi."

Nikageuka mimi. Mlango ulikuwa wazi nusu, na mtu alikuwa anafagia ukumbini.

Nikatazama saa, nikaandika: Afande. Amepita.